Maziwa Yakisumbua Tumbo, Usimlaumu Ng'ombe



Katika nchi ya Kenya maziwa ni chakula cha heshima. Mgeni akibisha hodi hupikiwa chai ya maziwa. Mtoto akiachishwa kunyonya hupewa uji uliotiwa maziwa. Mtu akiugua, jirani humletea chupa ya maziwa. Basi mtu anaposema, "Maziwa mimi siyawezi, yananiumiza tumbo," watu humshangaa. Wengine humcheka. Wengine husema anaringa, amekaa mjini mno. Wengine hata humnong'oneza kwamba labda yuko mtu aliyemfanyia jambo baya.

Mwezi huu twataka kusema juu ya mtu huyo, kwa sababu yuko katika vijiji vyote, na pengine ni wewe mwenyewe unayesoma gazeti hili. Maoni yetu ni haya. Mtu ambaye tumbo lake halipokei maziwa matamu, yaani yale ambayo hayajaganda, si mgonjwa na wala haringi. Haifai alazimishwe kunywa. Lakini pia haifai ayaache maziwa kabisa, wala awakataze watoto wake. Liko jambo la katikati, nalo lajulikana katika nchi hii tangu zamani za babu zetu. Na mkulima mwenye ng'ombe wa maziwa asiyelijua jambo hili anawapoteza wanunuzi walio mlangoni pake.

JAMBO LENYEWE NI NINI?

Maziwa yana sukari yake yenyewe, ambayo si ile tunayonunua dukani. Jina lake ni laktosi. Hapa tutaiita sukari ya maziwa. Ukinywa gilasi moja ya maziwa ya ng'ombe, yaani robo lita, umekunywa kadiri ya gramu 12 za sukari hiyo. Ni kama vijiko vitatu vya chai.

Sukari hiyo haiwezi kuingia katika damu jinsi ilivyo. Sharti kwanza ikatwe vipande viwili, na kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kiitwacho laktasi, kinachotengenezwa katika utumbo mwembamba. Fikiri juu ya muwa na panga. Muwa mzima haumezeki, sharti ukatwe. Laktasi ndiyo panga.

Karibu kila mtoto huzaliwa na panga kali, kwa maana maziwa ya mama ndiyo chakula chake cha pekee. Lakini baada ya kuachishwa kunyonya, panga la watu wengi huanza kuwa butu, pole pole, mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana mtu aweza kunywa maziwa bila taabu alipokuwa mtoto, kisha akiwa kijana wa miaka kumi na mitano au mtu mzima kabisa aanze kusumbuliwa, na asijue sababu.

Sukari isiyokatwa huteremka mpaka utumbo mpana. Huko wako vijidudu wengi wasioonekana kwa macho, nao huila sukari hiyo na kutoa hewa. Tumbo hujaa, hunguruma na kusokota. Tena sukari hiyo huvuta maji, na kwa hiyo mtu huharisha. Mara nyingi mambo haya huanza kati ya nusu saa na saa mbili baada ya kunywa. Ni taabu, nasi hatutaki kuidharau. Lakini hakuna sumu iliyoingia mwilini, wala utumbo haukujeruhiwa, na hakuna uchawi wowote.

KWA NINI JIRANI YAKO HASUMBULIWI?

Wataalamu wanakadiria kwamba kadiri ya watu 68 katika kila 100 duniani hawasagi barabara sukari ya maziwa. Wanaoisaga maisha yao yote ndio wachache. Wako wengi katika Ulaya ya kaskazini, na wengine wako miongoni mwa watu waliofuga ng'ombe na ngamia kwa vizazi vingi.

Jambo hili latuhusu sana sisi. Mwaka wa 2007 wataalamu walioongozwa na Sarah Tishkoff wa Marekani walitangaza uchunguzi walioufanya kwa watu 470 wa makabila 43 katika Kenya, Tanzania na Sudan. Waliona kwamba wako watu wa Afrika Mashariki waliorithi badiliko dogo katika damu ya ukoo, nalo huifanya laktasi iendelee kutengenezwa hata uzeeni. Wazungu nao wana badiliko lao, lakini si hili. Hili lilitokea huku kwetu, peke yake. Wataalamu hao walikadiria kwamba lilianza kati ya miaka 2,700 na 6,800 iliyopita, katika zama zile ufugaji ulipokuwa unaenea katika nchi hizi.

Sababu yake si ngumu kufahamu. Mfugaji aliyeweza kunywa maziwa wakati wa ukame, maji yalipokuwa haba na nafaka hakuna, alipona pamoja na watoto wake. Watoto hao wakarithi tumbo la baba au la mama, wakaongezeka. Lakini mahali watu walipoishi kwa jembe au kwa nyavu za samaki, maziwa hayakuwa jambo la kufa na kupona, na badiliko hilo halikuenea sana.

Lakini siku hizi makabila yameoana. Katika nyumba moja baba aweza kuwa wa ukoo wa wafugaji na mama wa ukoo wa wavuvi. Watoto wao watano, watatu wanakunywa maziwa kama ndama na wawili wanashika tumbo. Basi usiseme kwamba kabila fulani wanayaweza na kabila fulani hawayawezi. Katika kila kabila wako hawa na wako wale. Kuyaweza maziwa si sifa, na kutoyaweza si aibu. Ni urithi, kama urefu na ufupi.

KOSA LA KWANZA: KULAZIMISHA

Wako wazazi wanaofikiri kwamba mtoto anayekataa maziwa ni mtukutu, na kwamba fimbo itamfundisha. Twawaomba waache. Mtoto mdogo hana maneno ya kueleza kwamba saa moja baada ya kunywa tumbo lake husokota. Anachojua ni kwamba kikombe kile humletea maumivu, naye hukikimbia. Hata mbwa akichomwa na moto mara moja huuogopa.

Wako pia wenyeji wanaomkasirikia mgeni aliyekataa kikombe. Na wako wanaomsema bibi arusi aliyekuja katika boma lenye ng'ombe wengi, kwamba anadharau chakula cha watu wa mumewe. Mama mkwe akumbuke kwamba binti huyu hakudharau kitu. Mpe maziwa yaliyoganda, au mpe chai yenye maziwa machache, uone kama hatakunywa na kukushukuru.

Shule nazo zina fungu lao. Wazee wa leo wengi wanakumbuka maziwa ya Nyayo, ambayo Serikali ilianza kuwagawia watoto wa shule za msingi mwaka wa 1979 wakati wa Rais Moi. Kazi ile ilikuwa njema, na watoto wengi walipata nguvu kwayo. Na popote shule inapowapa watoto maziwa hata leo twasifu. Lakini maoni yetu ni kwamba mwalimu asimwadhibu mtoto asiyemaliza maziwa yake. Amwulize kwanza. Ampe nusu, tena ampe pamoja na chakula, wala si asubuhi na mapema wakati tumbo ni tupu. Na mahali inapowezekana, maziwa mala yawe tayari kwa wale wanaosumbuliwa na maziwa matamu. Nia ya maziwa ya shule ni kumjenga mtoto, na mtoto anayekimbilia choo katikati ya somo la hesabu hajajengwa.

KOSA LA PILI: KUYAACHA KABISA

Kosa la pili ni kubwa kuliko la kwanza, kwa kuwa halionekani upesi. Mtu huumwa tumbo mara mbili au tatu, akaapa kwamba hatagusa tena maziwa wala kitu chochote kilichotoka kwa ng'ombe. Kisha, kwa upendo, awakataza na watoto wake. Ng'ombe yuko zizini, maziwa yote yaenda kwa mnunuzi, na watoto wanakula ugali na mboga kidogo.

Fahamuni kwamba gilasi moja ya maziwa ina kadiri ya miligramu 300 za kalsiamu, ambayo ndiyo chokaa inayojenga mifupa na meno. Tena ina protini nzuri ya kukuza mwili. Katika nyumba ambayo nyama huliwa siku ya sikukuu tu, kuyaondoa maziwa ni kuondoa nguzo ya nyumba.

Wala hapana haja ya kuyaacha. Wataalamu wameona kwamba watu wengi wenye hali hii huweza kunywa hata gilasi moja kwa wakati mmoja, hasa pamoja na chakula, bila taabu au kwa taabu ndogo. Panga lao ni butu, lakini panga butu nalo hukata ukilipa muda. Kinachowaumiza ni kunywa kikombe kikubwa kwa mkupuo mmoja, tena tumbo tupu.

Angalia chai yetu ya Kenya. Chai iliyopikwa nusu maji na nusu maziwa ina nusu tu ya sukari ile katika kila kikombe, tena mara nyingi huliwa na mkate, viazi vitamu au mandazi. Ndiyo maana yuko mtu asemaye, "Maziwa siyawezi," na kila asubuhi anakunywa chai ya maziwa kwa raha. Hasemi uongo. Kiasi ndicho kinachotofautiana.

Tena mwili huzoea. Wataalamu waliowapima wafugaji wa ngamia wa Kisomali katika Ethiopia waliona kwamba wengi wao hawaisagi sukari ya maziwa kwa laktasi yao wenyewe, lakini hunywa zaidi ya nusu lita kwa siku na hawalalamiki. Yadhaniwa kwamba wale vijidudu wa utumboni, wakiletewa sukari hiyo kidogo kidogo kila siku, hujifunza kuila bila kutoa hewa nyingi. Kwa hiyo anayekunywa kidogo kila siku aweza kupata nafuu kuliko anayekunywa mara moja kwa mwezi.

MANENO YASIYO YA KWELI

Yako maneno mengi yanayosemwa sokoni juu ya jambo hili. Tutayataja matatu.

La kwanza, wengi husema, "Kama ya ng'ombe yakushinda, kunywa ya mbuzi." Maziwa ya mbuzi ni mazuri, nasi twapenda wakulima wafuge mbuzi wa maziwa. Lakini sukari iliyomo yakaribia ile ya maziwa ya ng'ombe. Tofauti ni ndogo sana. Maziwa ya ngamia nayo ni vivyo hivyo. Usiuze ng'ombe wako ununue mbuzi kwa sababu hii.

La pili, wengine husema, "Yachemshe sana, yatakuwa salama." Ni kweli kwamba kuchemsha huua vijidudu vya maradhi, na maziwa ni lazima yachemshwe kila mara. Lakini moto hauondoi sukari ya maziwa. Utaichemsha mpaka jioni, nayo imo.

La tatu, wako wanaosema kwamba maziwa ya ng'ombe wa kizungu ndiyo yanayoumiza, na ya ng'ombe wa kienyeji hayana neno. Ng'ombe wa kizungu hutoa maziwa mengi zaidi, na mtu anayekamuliwa ndoo nzima hunywa vikombe vikubwa zaidi. Lakini sukari ya maziwa imo katika maziwa ya wote wawili.

MAMA ANAYENYONYESHA ASIKILIZE HAPA

Mama, neno hili tafadhali lishike sana. Mtoto wako mchanga akiharisha, usikubali kuambiwa kwamba maziwa yako ndiyo yaliyomkataa, ukamwachisha ziwa. Maziwa ya mama yana sukari hiyo kupita hata ya ng'ombe, lakini mtoto mchanga ana laktasi ya kutosha. Ameumbwa hivyo. Mtoto asiyeweza kabisa maziwa ya mama yake tangu kuzaliwa ni nadra mno, na jambo hilo ni la daktari kuamua, si la jirani.

Ni kweli kwamba kuharisha kwenyewe kwaweza kuchubua utumbo wa mtoto, hata laktasi yake ikapungua kwa siku chache. Utumbo ukipona, laktasi hurudi. Katika siku hizo endelea kumnyonyesha, tena mara nyingi kuliko kawaida. Mpe dawa ya maji ya chumvi na sukari inayotolewa katika zahanati, na umpeleke akaonwe. Kinachowaua watoto wanaoharisha ni upungufu wa maji na udhaifu, na maziwa ya mama ni maji na chakula pamoja. Ukimnyima, umemwondolea yote mawili.

Mtoto wa chini ya miezi sita asipewe kitu ila maziwa ya mama. Na kabla hajatimiza mwaka mmoja, maziwa ya ng'ombe yasichukue mahali pa kunyonya.

JIPIME MWENYEWE, LAKINI KWA UTARATIBU

Ukidhani kwamba maziwa ndiyo yanayokusumbua, usikate shauri kwa siku moja. Huenda yalikuwa maharagwe, au kabichi, au maji machafu. Fanya hivi:

1. Kwa muda wa majuma mawili acha maziwa matamu kabisa, hata ya chai. Kula vyakula vyako vingine kama kawaida.

2. Kama tumbo limetulia, anza tena kwa robo kikombe pamoja na chakula. Endelea hivyo siku mbili au tatu.

3. Ongeza mpaka nusu kikombe, kisha kikombe. Mahali tumbo linapoanza kulalamika, hapo ndipo mpaka wako. Rudi nyuma kidogo, ukae hapo.

4. Jaribu maziwa mala kwa njia ile ile. Watu wengi huona kwamba mpaka wao kwa mala uko mbele zaidi.

Kama majuma mawili yamepita bila maziwa na tumbo lingali linakusumbua, basi si maziwa. Nenda hospitali.

Na yako mambo ambayo hayafai kungojewa hata kidogo. Ukiona damu katika choo, au homa, au mwili unakonda bila sababu, au mtoto hakui, usiseme ni maziwa tu. Vivyo hivyo mtu akinywa maziwa na midomo yake ikavimba, au akatokwa na vipele, au akashindwa kupumua, hiyo si sukari ya maziwa. Ni mwili kuichukia protini yake, na mtu wa namna hiyo aweza kufa. Huyo asijaribu hata mala. Apelekwe kwa daktari upesi. Na mwenye homa isiyokwisha na maumivu ya viungo, naye ana desturi ya kunywa maziwa mabichi, aende akapimwe brusela, ugonjwa ule ule unaowafanya ng'ombe kutupa mimba.

BABU ZETU WALIJUA KUGANDISHA

Sasa twafika kwenye jambo lile la katikati. Wakalenjin wana mursik yao katika kibuyu kilichosafishwa kwa makaa. Wamasai wana maziwa yao ya kibuyu. Wasomali hugandisha maziwa ya ngamia na kuyaita suusac. Na katika miji yote ya Kenya huuzwa maziwa lala, ambayo sasa watu huyaita mala. Hakuna aliyewafundisha wazee wetu habari za laktasi, lakini waliona kwamba maziwa yaliyolala hukaa siku nyingi na hutulia tumboni.

Maziwa yanapoganda, vijidudu vyema huila sehemu ya sukari ile na kuigeuza kuwa uchachu. Si yote inayokwisha, lakini hupungua. Tena maziwa mazito hushuka tumboni pole pole, na utumbo hupata nafasi ya kufanya kazi yake. Maziwa ya mtindi yaitwayo yogati yana msaada mwingine pia: vijidudu vyake vina laktasi yao wenyewe, nao huendelea kuikata sukari hata baada ya kumezwa. Jibini iliyo ngumu na samli karibu hazina sukari ya maziwa kabisa, maana sukari hutoka pamoja na maji yake.

Kutengeneza mala nyumbani si kazi ya mtaalamu. Fuata njia hii:

1. Chukua maziwa safi ya siku hiyo. Yachuje kwa kitambaa safi, uyachemshe katika sufuria safi.

2. Yafunike, uyaache yapoe mpaka yawe na joto kidogo tu, kadiri ya nyuzi 22 mpaka 25. Ukitia kidole kilichooshwa usione moto wala baridi kali.

3. Tia mbegu ya mala: vijiko viwili vya mezani kwa kila lita moja. Mbegu nzuri ni ile inunuliwayo kwa wauzaji wa vifaa vya maziwa, au mala nzuri ya jana. Koroga vizuri.

4. Funika, uweke mahali pasipo na vumbi kwa muda wa saa 16 mpaka 18. Katika nchi ya joto yataganda upesi zaidi.

5. Yakiisha kuganda, yakoroge yawe laini, uyaweke mahali pa baridi. Mala nzuri ina harufu safi ya uchachu. Ikiwa ina povu, au uchungu, au ukungu wa rangi, imwage.

Mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, ng'ombe aliyetibiwa ugonjwa wa kiwele kwa dawa ya kuua vijidudu, maziwa yake hayataganda, kwa sababu dawa hiyo huua na mbegu ya mala. Ngoja siku zote zilizoandikwa katika chupa ya dawa kabla ya kutumia au kuuza maziwa hayo, yawe ya mala au matamu. Pili, mbegu ukiirudia mara nyingi huingiwa na vijidudu vingine. Ladha ikianza kubadilika, tafuta mbegu mpya.

MKULIMA, HAPA PANA FEDHA

Wakulima wengi wanajua shida ya maziwa ya jioni. Chama cha ushirika huchukua ya asubuhi. Ya jioni hukaa usiku kucha, na mahali pasipo na mtambo wa baridi hukataliwa kesho yake. Mwingine humpa mbwa, mwingine humwaga. Maziwa hayo yangechemshwa jioni ile ile na kutiwa mbegu, kesho yake yangekuwa mala.

Na ni nani atakayeyanunua? Fikiri juu ya watu wote sokoni, kituo cha matatu, na mahali pa kujenga nyumba, ambao husema maziwa hawayawezi. Kwa muuzaji wa maziwa matamu watu hao si wanunuzi. Kwa muuzaji wa mala safi ndio hasa wanaomfaa. Lakini usianze kuuza kabla ya kuuliza ofisi ya Bodi ya Maziwa ya Kenya habari za leseni na usafi, maana mtu mmoja akiugua kwa mala yako, soko lote litakukimbia. Wanawake wa kikundi kimoja wanaweza kuungana, wakanunua mtungi mmoja mzuri na kipima joto kimoja, wakasaidiana.

Katika maduka makubwa ya mijini huuzwa pia maziwa yaliyokwisha kukatwa sukari yake kiwandani. Ni mazuri, lakini bei yake ni ya mtu wa mjini. Sisi mashambani tuna kibuyu na sufuria.

NA ASIYEWEZA HATA MALA?

Wako wachache ambao hata mala huwasumbua. Hao wasikate tamaa. Chokaa ya mifupa haiko katika maziwa peke yake. Omena na dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao wanayo kwa wingi. Sukuma wiki inayo. Wimbi lina chokaa nyingi kupita mahindi, na uji wa wimbi ni chakula chema kwa mtoto na kwa mama mwenye mimba. Kwa protini wapo mayai, maharagwe, ndengu na samaki. Ila kumbuka kwamba mtu huyu sharti ale vyakula hivyo kila siku, si mara moja kwa juma, ndipo viweze kushika mahali pa maziwa.

NENO LETU LA MWISHO

Kwa muda mrefu tumewahimiza wakulima wafuge ng'ombe bora, wapande majani ya kulisha, wakamue kwa usafi. Hatutaacha kuwahimiza. Lakini kazi ya maziwa haimaliziki kwenye ndoo. Humalizika kwenye tumbo la mtu. Hakuna faida ya kukamua lita 20 kwa siku ikiwa mtoto wako mwenyewe hanywi hata kikombe kwa kuwa hapana mtu aliyemwuliza kwa nini analia.

Basi leo jioni, kabla ya kugawa vikombe, waulize watu wa nyumbani mwako swali moja tu: "Nani huumwa tumbo akinywa maziwa?" Usicheke jibu utakalopewa. Huenda ukashangaa ni nani atakayeinua mkono, tena ni miaka mingapi alikuwa amenyamaza. Mtu huyo umpe kikombe kidogo, umpe pamoja na chakula, na kesho umgandishie mala.

Shime, wakulima!